Seva Inayolala Alfajiri: Kumsaka Mkosaji Karatu

Seva ya kanzidata inayozimika na kuwaka yenyewe huwa na watuhumiwa wengi kuliko kesi yoyote inayofika kwa mwenyekiti wa kitongoji. Katika hoteli ya watalii mjini Karatu, balaa hilo hupenda kuja alfajiri. Madereva wameshapanga Landcruiser nje, maana lango la Lodoare la kuingia Ngorongoro hufunguliwa saa kumi na mbili na kila mgeni anataka kuwa wa kwanza kushuka kreta. Jikoni maboksi ya chakula cha mchana yanafungwa. Mapokezi, mzee mmoja wa Kijerumani anasubiri bili ya bia mbili za jana, na skrini inasema haioni seva. Dakika nne baadaye seva iko hai, kama si yenyewe. Mpishi analaumu umeme. Meneja anamlaumu kijana wa IT. Kijana wa IT anawalaumu panya. Mlinzi, ambaye hajaulizwa, anasema ni nyani, na kusema kweli nyani wa pale getini wana historia ndefu ya kupora chakula kwenye magari, ila bado hawajaonekana wakishughulika na kompyuta.

Kabla ya kumkamata yeyote, huthibitishwa kwanza kwamba seva yenyewe ndiyo iliyozimika. Amri ya uptime kwenye Linux hutaja muda ambao mashine imekuwa macho. Ikisema siku arobaini, basi kilichoanguka ni programu ya kanzidata peke yake, na mara nyingi ni kwa sababu kumbukumbu ya RAM ilijaa, mfumo endeshi ukachagua mlafi mkubwa kuliko wote ukamuua ili wengine wapone. Hiyo ni kesi nyingine. Ikisema dakika tano, upelelezi uendelee.

Swali linalofuata huokoa muda mwingi, na ajabu ni kwamba halipendwi: je, seva ilizimwa, au ilikatika? Seva iliyozimwa huaga. Kwenye Windows huacha tukio namba 1074, lenye jina la mtu au programu iliyotoa amri, na sababu yake. Iliyokatika haiagi mtu. Ni baada ya kuamka ndipo huandika namba 6008 au 41, yaani kwamba ililala bila kutarajia. Kwenye Linux, amri ya last -x huonyesha kuzima na kuwaka kwa zamu, na kuwaka kusikotanguliwa na kuzima ni ushahidi wa kutosha kwamba kuna kitu kilikata. Logi ya uhai uliopita nayo husomwa kuanzia mkiani. Huduma zikiwa zimefungwa moja baada ya nyingine, kuna aliyeamuru. Mstari wa mwisho ukiwa ni printa ya jikoni inayolalamika kwamba haina karatasi, kisha kimya, basi hakuna aliyeamuru chochote.

Katika kundi la walioamuru, mtuhumiwa mkuu ni masasisho yaliyopangiwa saa tisa usiku na mtu ambaye ameshaacha kazi. Wa pili ni fundi wa Arusha aliyeingia kwa mbali, akafungua madirisha mawili yanayofanana, akabonyeza kwenye lile lisilo lake. Namba 1074 humtaja kwa jina, na ubishi huishia hapo.

Saa ndiyo inayowafunga wasio na hatia. Seva nyingi huandika saa za UTC, ambazo ziko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Logi inayosema 03:10 inazungumzia saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi. Meneja asiyejua hilo huisoma kama saa tisa usiku, na aliyeamshwa ghafla huisoma kama saa tatu. Matokeo yake, mlinzi wa usiku anahojiwa kwa tukio lililotokea akiwa ameshakabidhi lindo na yuko kwa mama ntilie na chapati mkononi. Hali huzidi kuwa mbaya betri ndogo ya saa iliyo kwenye ubao mama ikifa, maana mashine inaweza kuamka ikiamini leo ni tarehe ya miaka mingi iliyopita, na hapo hata mlinzi mwenyewe anakuwa hajazaliwa.

Ikithibitika kwamba seva ilikatika, upelelezi huanzia ukutani. Karatu iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Julai baridi yake haina utani. Hita ya mapokezi inahitaji soketi. Soketi zikiwa zimejaa, lazima kitu kichomolewe, na huchomolewa kile ambacho hakuna anayejua kinafanya nini. Baridi ikipungua, waya hurudishwa mahali pake kwa adabu na hakuna anayesema neno. Kuna pia swichi ya ukutani na tabia iliyojengwa na LUKU: anayenunua umeme kwa tokeni huzima chochote asichokiona kikimfaidi, na seva haitoi mwanga, haipiki wala haipashi. (Mfumo wa kuuza umeme wa LUKU wenyewe ulisumbua kwa siku kadhaa Mei 2021, wateja wakapanga foleni kwenye ofisi za TANESCO. Kwa hiyo hata seva inayouza umeme huwa na siku zake.)

Umeme ukikatika kabisa, kila mtu ni shahidi. Jumatatu ya Pasaka, tarehe 1 Aprili 2024, Gridi ya Taifa ilipopata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi kuingia gizani, hakuna aliyehitaji kusoma logi. Kinachosumbua ni umeme unaopepesa. Pawasaplai ya kawaida huweza kushikilia pumzi kwa milisekunde 16 hivi. Zaidi ya hapo, mashine inalala. Kama BIOS imewekwa iwake umeme unaporudi, seva huamka yenyewe na kuuficha mkato uliotokea, huku friza ya jikoni ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichopita.

Hapo ndipo UPS, kifaa cha akiba ya umeme, huitwa kutoa ushahidi, nayo husema uongo. Taa yake ya kijani iko vizuri, ila betri ndani imevimba. Betri za risasi hudumu miaka mitatu hadi mitano, na joto hupunguza hata hiyo. UPS za APC aina ya Smart-UPS hujipima zenyewe kila baada ya siku 14: hukata umeme wa ukutani kwa muda mfupi na kubeba mzigo kwa betri. Betri ikiwa imekufa, mtihani wenyewe ndio unaoiangusha seva. Kifaa kilichonunuliwa kuilinda mashine kinaiua kwa ratiba, Jumatano moja baada ya kuruka nyingine, saa ileile. Mara ya kwanza ikiangukia siku ya mnada, mji mzima utaambiwa kwamba mnada unanyonya umeme. Mkosaji huyu hanaswi kwa bisibisi. Hunaswa kwa kalenda, mtu akizungushia tarehe kalamu nyekundu na kuhesabu.

Kwenye hoteli za ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu, jenereta huongeza mambo yake. Hewa ni nyepesi na injini hupungukiwa nguvu; mabirika yote yakiwashwa pamoja, mzunguko hushuka chini ya hezi 50. UPS huukataa umeme huo, hukimbilia betri, betri huisha, seva inaanguka huku taa zote za hoteli zinawaka. Hewa hiyohiyo nyepesi haipozi vizuri, na mashine ikiwa imefungiwa stoo katikati ya mablanketi, feni zake zimezibwa na vumbi jekundu, inaweza kuzidiwa na joto huku watu nje wamevaa makoti. Ubao mdogo wa usimamizi ulio ndani ya seva huwa umeandika nyuzi joto. Ni wa kusomwa kabla ya kununua kiyoyozi.

RAM mbovu huja mwisho, kwa kipimo cha usiku kucha. Miale ya angani nayo ipo: huko Schaerbeek, Ubelgiji, katika uchaguzi wa Mei 2003, mgombea mmoja alipata kura 4,096 za ziada, na maelezo yaliyokubalika ni kwamba biti moja iligeuka kwenye kumbukumbu, pengine kwa miale hiyo. Fundi anayetoa maelezo hayo Karatu kabla ya kuangalia soketi ni wa kuogopwa.

Kanzidata yenyewe kwa kawaida ni majeruhi tu. PostgreSQL na InnoDB huandika nia kwenye logi kabla ya kugusa data, na zikiamka huipitia upya. Hiyo ndiyo sehemu ya zile dakika nne, na ndiyo maana bia mbili za Mjerumani hazipotei.

Dawa huwekwa moja moja, la sivyo haitajulikana ipi imeponya. Betri mpya za UPS hupimwa mchana, wageni wakiwa kreta na jikoni wakiwa wameambiwa, kwa kushusha swichi kuu. Kisha zinasubiriwa zile siku 14. Zikipita na seva iko macho, kesi ya UPS imefungwa, na hita inarudi mapokezi kwenye soketi yake.