Asifiwe Samoni, Samaki Aliyefunga

Sangara hana heshima. Mtupie chambo Ziwa Victoria, anakimeza, anavutwa, anawekwa kwenye mizani, na habari yake imekwisha. Perege naye ni yale yale. Samaki wa namna hiyo wamewaharibu watu, wamewazoesha kuamini kwamba aendaye kuvua hurudi na samaki. Anayetaka kuponywa ugonjwa huo aende Uskoti, kwenye Mto Tay, akamvue samoni kwa fimbo.

Sifa ya kwanza ya samoni wa Atlantiki ni saumu yake. Hula na kunenepa baharini mwaka mmoja, miwili, hata mitatu, wengine wakifika hadi pwani ya Greenland. Kisha hurudi kwenye mto aliozaliwa, na akishaingia kwenye maji yasiyo na chumvi anafunga. Tumbo linasinyaa, hamu ya chakula inakwisha. Aliyeingia Februari anaweza kukaa hadi Novemba, msimu wa kutaga, akiishi kwa mafuta aliyokuja nayo. Binadamu hufunga mwezi mmoja, na kabla haujaisha ameshaulizia bei ya mbuzi wa Idi.

Huyo ndiye samaki ambaye watu wazima, wenye akili zao na kazi zao, husimama kwenye maji ya kiuno kumpitishia chambo mbele ya pua. Ni sawa na kumpungia shehe sambusa saa nane mchana wa Ramadhani, kisha ukangoja. Ajabu ni kwamba mara mojamoja samoni huuma. Wapo wanaosema ni hasira, wapo wanaosema ni kumbukumbu za baharini, na wapo wanaosema ni mazoea tu ya taya. Hizo mara mojamoja zinatosha kulisha hoteli, maduka ya mishipi, waongozaji wa mto na wenye kukodisha kingo zake. Katika sehemu zenye jina, siku moja ya kuvua hugharimu mamia ya pauni. Ni nani mwingine aliyewahi kuwauzia watu njaa yake kwa bei hiyo?

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Mvuvi amevaa suruali ya mpira inayofika kifuani. Ameshika kwa mikono miwili fimbo ya futi kumi na tano. Anarusha mshipi kwa mshazari kuelekea ng'ambo, anauacha mkondo ukizungushe chambo chake cha manyoya, kiitwacho nzi, mpaka kinyooke upande wa chini, anasogea hatua mbili, anarusha tena. Hivyo hivyo tangu asubuhi hadi jioni. Siku za kiangazi kisicho na upepo usubi humtua shingoni na masikioni, na kwa kuwa mikono yote miwili ina kazi, hana mkono wa kumpiga. Mtoni pale anayekula ni mmoja tu, naye ni usubi.

Sifa ya pili ni ukarimu wa samoni katika kugawa visingizio. Mvua ikinyesha, maji ni mengi na machafu. Isiponyesha, maji ni machache na samaki wamekwama chini wakingoja mafuriko. Majira ya baridi maji ni ya barafu na samaki ni wazito. Kiangazi yakikaribia nyuzi ishirini za Selsiasi, wenye huruma huweka fimbo chini kwa sababu samaki aliyechoka kwenye maji ya joto huenda asipone hata akirudishwa. Kuna siku maji yanakuwa sawasawa kabisa, urefu sawa, rangi sawa. Mara nyingi siku hiyo ni Jumapili, na sheria ya Uskoti inakataza kuvua samoni Jumapili.

Msimu wa Tay hufunguliwa Januari 15. Kijijini Kenmore watu huandamana hadi mtoni nyuma ya wapiga zumari, na mashua humwagiwa wiski kwenye omo. Mtu wa pwani akiona hayo hahitaji mkalimani: hilo ni tambiko. Tofauti ni kwamba mizimu ya huko imeshapewa wiski na bado haijibu.

Na kwa anayedhani samaki hawapo, samoni ameweka ushahidi. Kwenye Mto Tummel, unaomwaga maji yake Tay, kuna bwawa la umeme la Pitlochry, na pembeni yake ngazi ya samaki yenye vidimbwi 34. Samoni hupanda kidimbwi hadi kidimbwi na mashine inawahesabu. Kwa hiyo mvuvi aliyeambulia patupu anaweza kuambiwa, kwa tarakimu, ni wangapi wamempita.

Samoni pia ameinua sanaa. Ili kumshawishi asiye na njaa, mafundi wa enzi ya Malkia Victoria walibuni nzi kama yule aitwaye Jock Scott, waliofungwa kwa manyoya ya ndege wa mbali, rangi juu ya rangi. Samaki hakuwahi kuyaomba. Lakini mapenzi ya manyoya hayo yalizidi kiasi, na mwaka 2009 kijana mpiga filimbi, Edwin Rist, alivunja dirisha la makumbusho ya Tring, Uingereza, akaondoka na ngozi 299 za ndege. Yote hayo kwa ajili ya mitindo ya chambo ambayo wengi wa wanaoifunga huiweka kwenye fremu na hawaitii majini kamwe.

Atakayebisha kwamba samoni hupatikana, atatajiwa mwanamke aitwaye Georgina Ballantine. Oktoba 7, 1922, jioni, akiwa kwenye mashua na baba yake huko Glendelvine kwenye Tay, alinasa samoni wa ratili 64, takriban kilo 29. Walivutana zaidi ya saa mbili, giza likaingia, samaki akatolewa, na akaishia kuwa kitoweo cha hospitali ya Perth. Rekodi hiyo ya Uingereza haijavunjwa hadi leo. Miaka zaidi ya mia moja wanaume wenye fimbo za gharama wanajaribu, na samoni, kwa adabu zake, anakataa kuwasaidia.

Hapa msifu inambidi akohoe kidogo. Mwaka 2023 samoni walionaswa kwa fimbo Uskoti nzima walikuwa kama 33,000, idadi ndogo kuliko zote tangu hesabu ianze mwaka 1952. Zaidi ya tisa katika kila kumi walirudishwa majini, na wa mwanzo wa msimu, kabla ya Aprili 1, sheria inalazimisha warudishwe wote. Mwaka uliofuata Norwe ilifunga mito 33 kiangazi kikiwa kimeanza. Bahari ina joto, mito ina mabwawa, vizimba vya kufugia samaki vina chawa. Saumu ya samoni ni ya hiari yake. Uchache wake si wa hiari.

Waingereza walipohamia mbali walijua la kufanya. Mwaka 1905 mayai ya trauti wa Loch Leven, Uskoti, yalisafirishwa hadi Kenya kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, na samaki wakapandikizwa Mto Gura, milima ya Aberdare. Trauti ni binamu yake samoni, ila yeye mtoni anakula. Ndiyo maana hakuna anayemtungia sifa.

Oktoba 15, siku ya mwisho ya msimu wa Tay, jua linazama mapema. Mvuvi anakunja mshipi, vidole vimekufa ganzi. Hatua tano kutoka alipo samoni anaruka, mzima mzima, wekundu wa majira ya kutaga ukionekana ubavuni, kisha anaanguka kwa kishindo na kumrushia maji usoni. Mvuvi anajifuta kwa mkono wa koti. Njiani kuelekea garini anamuuliza mwongozaji kama wiki hii hii ya mwakani imeshachukuliwa.