Ndagala na Unite Wamezaa Mtoto

Jirani, si unanifahamu. Mimi ni yule wa kabutiki ka mabati hapa Kilibula, Uvira. Nauza ndagala kavu kwa gigozi, lile kopo la kupimia. Nauza unite za simu. Chumvi kidogo, sabuni kidogo, kiberiti. Basi. Ni biashara ambayo hata mbuzi wa jirani anaielewa, maana anakuja kulamba chumvi bila kuuliza bei.

Sasa mtoto wa dada yangu akaingia chuo kusoma informatiki. Dada akasema kijana atafutiwe fasi ya kufanyia mazoezi. Fasi ikawa ni mimi. Hakuna aliyeniuliza. Kwani kwenye ukoo huu nimewahi kuulizwa nini? Kijana akaja na mashine mgongoni, akaiweka juu ya gunia langu la chumvi, akasema, "Mjomba, leo butiki inaingia ndani ya programu. Daftari utaliacha." Daftari langu lilimkosea nini? Limechanika, sawa. Lina mafuta, sawa. Lakini halijawahi kuzimika eti umeme umeenda.

Akaanza kunieleza. Ngoja na mimi nikueleze nilivyoelewa, yaani vibaya.

Kumbe ndani ya programu vitu vina ukoo. Unaandika aina moja kubwa, yeye aliiita Bidhaa. Bidhaa ina jina, ina kiasi, inajua kutaja bei. Halafu unaizalisha. Ndagala ni mtoto wa Bidhaa, anarithi vyote, ila bei anaihesabu kwa gigozi, franga za Kongo. Unite naye mtoto wa Bidhaa, lakini huyo ni wa dola: unite mia, dola moja. Mambo haya ya kurithishana waliyaanzisha Wanorwe wawili, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard, kwenye lugha yao ya Simula 67. Watu wa baridi, lakini samaki wanamjua. Hapo sikuwa na ugomvi nao. Baba mmoja, watoto wawili, kila mtu na kazi yake.

Shida ikaletwa na pakiti. Unajua mimi nauza pakiti: gigozi moja ya ndagala na unite mia, pamoja. Kijana kusikia hivyo akaruka. "Mjomba! Hapo tunatumia urithi wa wazazi wengi!" Akaandika kitu kinaitwa Pakiti, mtoto wa Ndagala na Unite kwa mpigo. Samaki na simu wamezaa. Mimi nikanyamaza. Mtu wa umri wangu akipinga masomo wanasema ni mshamba. Na wakisema wanasema mbele ya wateja.

Asubuhi akaja mama mmoja kutoka Kasenga. Pakiti moja. Kijana akabonyeza. Mashine ikawaza. Ikasema franga 500,000.

Mama akanitazama mimi. Hakuitazama mashine, alinitazama mimi. "Papa, unauza ndagala ama unauza mtumbwi na injini yake?"

Kijana anacheka, anafurahi, ananiambia hiyo ndiyo sehemu tamu ya masomo. Eti wazazi wote wawili wana kitu kinaitwa kiasi, lakini mtoto ana kiasi kimoja tu. Ndagala aliandika moja. Unite akaja nyuma yake akafuta, akaandika mia. Halafu bei ikapigwa na Ndagala, maana ndiye ametajwa kwanza. Gigozi mia, mara franga 5,000. Hesabu ni sahihi, Mjomba! Sahihi kwa nani? Mama alishafika barabarani, anasimulia.

Akageuza. Unite mbele, ndagala nyuma. Akaja jirani, simtaji, anajijua. Sasa Unite ndiye anapiga bei, ila kiasi kimeandikwa na samaki: moja. Unite moja ni senti moja ya dola. Gigozi nzima ya ndagala na unite mia, senti moja ya Marekani! Hiyo sarafu Uvira nzima hakuna aliyeishika. Nikasema hapana, kuna kitu hakiko sawa. Jirani akasema, "Mashine imesema, papa." Akabeba, akaenda. Nyuma yake wakatokea watu. Wale walionikopa wakapotea, wote walirudi siku hiyo, wazima wa afya. Mmoja alikuwa ametoka upande wa mpaka wa Kavimvira na franga za Burundi, anauliza kwa upole senti moja ni ngapi kwa zake.

Jioni ndiyo nikapewa masomo kamili, tena kwa dada, mbele ya sufuria ya sombe. Kijana akachora chini kwa kijiti. Bidhaa juu, Ndagala huku, Unite kule, Pakiti chini. "Hii inaitwa almasi." Nikachangamka! Kongo hii ukisema almasi, hata mgonjwa anaketi. Kumbe si ile ya Mbuji-Mayi. Ya kwao haiuziki. Ni jina la shida: mjukuu anamfikia babu mmoja kwa njia mbili, na hajui amrithi kupitia nani.

Eti kuna lugha ya Mdenmaki mmoja, Bjarne Stroustrup, inaitwa C++. Tangu 1989 inaruhusu wazazi wawili. Lakini huko, usipoandika neno fulani dogo la kuzuia, mjukuu anapata babu mara mbili. Nakala mbili za babu yuleyule! Jirani, babu yangu mmoja alinitosha. Aliacha deni la mbuzi, na watu wa huyo mbuzi bado wananisalimia kwa jicho. Angekuwa wawili mimi ningeshahamia Bujumbura.

Nikauliza, hakuna lugha yenye adabu? Akasema ipo, Java, waliitoa Sun Microsystems mwaka 1995. Hiyo inakataa katakata: aina moja, mzazi mmoja. Ukitaka zaidi unapewa kitu kinaitwa interfesi. Interfesi ni nini? "Ni orodha ya ahadi, Mjomba. Haikuachii mali yoyote. Inasema tu hiki kitafanyika na kile kitafanyika. Kazi anaifanya mtoto mwenyewe." Akanyamaza kidogo. Akaniangalia. "Yaani, kama wewe."

Dada alicheka mpaka sombe ikamwagika. Na mimi nitasema nini? Niliahidi minervali, karo ya shule. Niliahidi viatu. Hata hiyo mashine niliahidi mimi, ikanunuliwa na wengine. Kijana akaongeza kwamba mwaka 2014, Java 8 iliruhusu interfesi kuja na kazi kidogo iliyokwisha kufanywa. Dada akasema basi, tuendelee kusubiri. Habari ikavuka ua, unajua nyua za Kilibula zilivyo. Kesho yake motari ananipita anapiga honi: "Papa Interfesi! Weka unite ya mia tano!"

Programu yetu sisi iko kwa Python, ya Mholanzi Guido van Rossum, ilitoka 1991. Huko wazazi wengi ruksa, lakini wanapanga foleni. Tangu toleo la 2.3, mwaka 2003, foleni ina sheria: mtoto kabla ya mzazi, aliyetajwa kushoto kabla ya wa kulia. Ukisema mahali pamoja Ndagala kwanza, mahali pengine Unite kwanza, kisha ukataka kuwaunganisha hao wawili, inagoma, haizai kabisa. Na kuna neno, super. Unalisema ukidhani unamwita mzazi, kumbe anaweza kuitika ndugu aliyesimama pembeni kwenye foleni. Hilo halikunishangaza. Kwetu ukimwita baba aje ale, baba wadogo wanafika kabla yake.

Lakini kushoto? Mtu anarithi kwa sababu amesimama kushoto? Nchi hii na matatizo yake yote, Sheria ya Familia ya 1987 imeandika wazi: mtu akifa, watoto robo tatu, robo inayobaki ni ya mjane, wazazi na ndugu wa marehemu. Ndugu wanagombana vilevile, mpaka viti wanagombania, lakini angalau hakuna anayeambiwa wewe ulikaa kulia.

Mwishowe kijana akasoma kitabu kimoja cha Wazungu wanne, cha 1994. Eti wanne hao walishashauri zamani: badala ya kurithi, bora kitu kibebe vitu vingine ndani yake. Akafuta ndoa ya samaki na simu. Sasa Pakiti si mtoto wa mtu. Ina ndagala ndani, ina unite ndani, kila kimoja kinataja bei yake, yenyewe inajumlisha.

"Yaani mfuko," nikasema.

"Ndiyo, Mjomba. Mfuko."

Mifuko ninayo, imening'inia msumarini, tangu kabla hajazaliwa. Sikusema. Ningesema wangeniuliza minervali.

Basi programu inatembea, umeme ukiwepo. Kiwango cha dola nakiandika kwa mkono kila asubuhi, maana mashine haina miguu ya kwenda kwa wabadilisha feza. Kwa hiyo ukipita Kilibula karibu, njoo na franga za Kongo ama za Burundi, zote napokea, ila bei niulize mimi. Na wewe jirani uliyebeba gigozi nzima na unite mia: hata ile senti moja hukuilipa.