Toa Waya, Kanyaga Nyuma: Mwongozo kwa Mwenye Kruza

Fremu imepigwa rangi ya kung'aa, tandiko pana lina springi mbili, matairi ni manene na ubavuni yana mstari mweupe. Umekaa kando unaifurahia kruza yako, kisha jicho linatua kwenye usukani: waya wa breki ya nyuma huku, waya wa gia kule, zote zinaning'inia. Uzuri wote ule umefungwa kamba! Inuka, tuzitoe.

Breki ya asili ya nyuma ya kruza makao yake ni ndani ya kitovu cha gurudumu, na kazi yake hufanywa na miguu. Ukikanyaga mbele unakwenda, ukituliza miguu baiskeli inaserereka, ukikanyaga nyuma inasimama. Schwinn wa Chicago walipotoa baiskeli yao ya matairi manene ya inchi 2.125 mwaka 1933, breki hii ilikuwa na umri wa kutosha. New Departure wa Bristol, Connecticut, waliitengeneza tangu mwishoni mwa karne ya 19, na kule Ujerumani kitovu cha Torpedo cha Ernst Sachs kilitoka mwaka 1903. Kwa hiyo unachofanya leo ni kuirudishia kruza kitu chake.

Kabla ya kushika spana, piga magoti nyuma ya baiskeli na utazame mdomo wa fremu unaoshika ekseli. Ikiwa umechongwa kwa mlalo, gurudumu linaweza kuvutwa mbele na nyuma, basi shangilia. Ikiwa umechongwa wima, acha kazi hapo hapo. Cheni ya breki hii hukazwa kwa kulivuta gurudumu lenyewe. Kile kijimkono chenye springi cha baiskeli za gia hakitakuokoa, maana ukikanyaga nyuma nguvu yote hupita upande wa chini wa cheni, pale pale kilipo, nacho kitapinda au kuvunjika. Tafuta fremu nyingine, au endelea kuishi na waya zako kwa amani.

Pima pia upana wa mdomo huo, kutoka ukuta wa ndani hadi ukuta wa ndani. Vitovu vingi vya namna hii vina milimita 110. Fremu ya gia mara nyingi ina 130 au 135. Pengo lizibwe kwa washa, na ekseli iwe ndefu kiasi cha kushika nati barabara. Usiibane fremu ya alumini ili ifuate kitovu. Alumini haisamehe. Kisha hesabu matundu ya ringi. Ya kawaida ina 36, lakini wapenda mapambo wa California hufunga hata spoku 144, na kitovu lazima kiwe na matundu hayo hayo.

Kusuka spoku mpe fundi, umlipe vizuri. Spoku za zamani mara nyingi hazitafaa, kwa kuwa kipenyo cha kitovu kimebadilika, na urefu wa spoku hukosewa kwa milimita chache tu. Mwambie umeongeza washa ngapi na upande gani, ili ringi ikae katikati ya fremu.

Wakati fundi anasuka, chagua sproketi. Meno 44 mbele na 20 nyuma yatalizungusha gurudumu mara 2.2 kwa kila mzunguko wa pedali, yaani kama mita nne na nusu kwa gurudumu la inchi 26. Kwenu kuna vilima? Weka 22. Sproketi hushikwa na klipu ya chuma tu, na ikiwa imebonyea kidogo unaweza kuigeuza ili cheni iende sambamba na ile ya mbele.

Sasa tumefika ndani, na hapa nakuomba usiwe na haraka. Fungua kitovu hata kama ni kipya. Utaona koni inayopanda kwenye hesi: ukikanyaga mbele inakimbilia kulia na kulishika gurudumu, ukikanyaga nyuma inakimbilia kushoto na kuzitanua ndimi za breki mpaka zisugue ukuta wa ndani wa kitovu. Ni ubunifu ulionyooka kiasi kwamba kila mwenye baiskeli angestahili kuuona mara moja kwa macho yake. Paka grisi inayostahimili joto, rudisha gololi kama ulivyozikuta, kaza koni hadi gurudumu lizunguke kwa ulaini na kubaki na mchezo mdogo sana.

Upande wa kushoto wa kitovu kuna mkono wa chuma. Huo ndio roho ya kazi nzima. Unapofunga breki, ndimi zile hutaka kuzunguka pamoja na gurudumu, na kinachozizuia ni mkono huo uliofungwa kwenye bomba la chini la nyuma la fremu. Ukilegea, ekseli nayo inazunguka, nati zinafunguka, na breki haina pa kujishikiza. Tafuta ukanda wa chuma unaolingana na unene wa bomba lako, tia bolti na nati isiyojifungua, kaza. Waya wa kufungia kuni usiuguse.

Cheni iache icheze kama sentimita moja katikati. Ikikatika au ikichomoka, breki ya nyuma haipo tena, kwa hiyo breki ya mbele ibaki. Waya mmoja hauharibu sura ya usukani. Ujerumani sheria inadai breki mbili zinazojitegemea, nami naiunga mkono kwa mikono yote miwili.

Mteremko mrefu nao uuheshimu. Mwaka 1976, Fairfax, California, vijana walianza kushindana kushuka njia ya vumbi kwa kruza kuukuu za Schwinn: karibu mita 400 za mteremko katika kilomita tatu na ushei. Vitovu vilichemka, grisi ikaungua ikawa moshi, na baada ya kila safari ilibidi vifunguliwe na kujazwa upya. Mbio zikaitwa Repack, yaani kujaza upya, na kutoka hapo zikakua baiskeli za milimani, zenye breki nyingine kabisa.

Wewe jaribu kwenye uwanja tambarare. Kanyaga nyuma taratibu pedali zikiwa zimelala usawa, hapo ndipo mguu una nguvu zaidi. Ukirudi nyumbani, kagua nati za ekseli na bolti ya ule mkono. Na uzoee jambo moja: pedali hazirudi nyuma tena ukiwa umesimama. Ukikaribia taa nyekundu, panga mguu wako wa kuondokea uwe juu kidogo, mbele, ndipo usimame.