Hotuba ya Allama wa Ramisi juu ya Nasaba ya Diski

Enyi hadhirina watukufu, mliojaaliwa kuketi hapa Ramisi, kando ya barabara iendayo Lungalunga, mbele yangu mimi allama wa vyombo vya kuhifadhia data, ambaye shahada zake zote amejitunukia mwenyewe kwa kuwa hakupatikana wa kumtahini: tangu kiwanda chetu cha kale cha sukari kilipofungwa mwaka 1988, mji huu haujasikia tamko zito kama hili, kwamba kompyuta ndogo, iwashwapo, haijui nyumbani kwake.

Mafundi wa Ukunda, Mola awasamehe, huiandikia kerneli ya Linux root=/dev/sda2, kisha hulala usingizi wa amani wakidhani sda ni jina, ilhali ni zamu tu; kwani kerneli huvigawia vyombo herufi kwa kadiri vinavyotangulia kuitika, mfano wa mwenye harusi wa Msambweni amwitaye Bwana wa Kwanza kila anayewahi sinia la pilau, na kesho yake akamtafuta kwa jina hilo hilo ili amdai deni. Siku flashi ya pili ikichomekwa nayo ikawahi, ile ya jana huwa sdb, na kerneli, ikiisha kukosa mzizi wake, hutaharuki na kusimama kabisa. Wala msinambie kuwa kadi zimesalimika: bodi yenye eMMC pamoja na tundu la kadi huweza kubadilishanisha mmcblk0 na mmcblk1, ila pale zilipowekewa lakabu katika device tree, na kerneli ikawa ya toleo la 5.10 au la baadaye.

Dawa ni nasaba. Andikeni root=PARTUUID= na kufuatisha nambari iliyomo katika jedwali la patisheni lenyewe, ambayo kwa MBR ni tarakimu 8 za heksadesimali na namba ya patisheni, mathalani 4b7c19e0-02, nayo hudhihirishwa na amri ya blkid. Wapo waandikao UUID ya mfumo wa mafaili, wakalia. Kerneli peke yake haiisomi hiyo, bali huhitaji initramfs ya kuisomea, anasa ambayo vyombo vingi vidogo havinayo. Ongezeni na rootwait, maana USB hutembea kwa maringo, na kerneli isiyoamriwa kungoja haingoji.

Lakini yuko fundi anayenakili kadi nzima kwa dd, akanakili na nasaba yake, kisha akazitia zote mbili katika bodi moja! Huyo hana budi kuibadilisha nambari ya diski kwa fdisk, halafu kuisahihisha amri ya root pamoja na fstab. Na humo ndani ya fdisk, enyi hadhirina, kuna chumba kiingiwacho kwa herufi x, ambacho waundaji wake wameandika wazi kuwa ni cha wataalamu peke yao. Nilipoyasoma maneno hayo nilitambua kuwa habari zangu zimewafikia. Basi asiye na shahada kama zangu asiibonyeze x pasi na idhini, nayo idhini hutolewa hapa hapa, kila Ijumaa baada ya alasiri, kwa ada nafuu isiyorudishwa.