Kanisa Limetoka Vizuri

Mara ya kwanza kusimamishwa na mlinzi kwa kosa la kutazama juu ilikuwa Jumapili asubuhi, Mtaa wa Samora, Dar es Salaam. Nilikuwa nimeinua simu nipige picha ghorofa moja la zamani lenye vibaraza vya mviringo, lile ambalo siku za kazi hulioni kwa sababu akili yako yote iko mfukoni, unalinda pochi. Mlinzi akatoka kivulini na kirungu chake, akaniuliza kwa upole wa kutisha:

"Kaka, unapiga picha nini?"

"Jengo."

"Jengo limefanya nini?"

Nikakosa jibu. Kweli, jengo halikuwa limefanya kitu, na hapo ndipo penye balaa la starehe yangu hii. Ukipiga picha ajali, watu wanakupisha upate vizuri. Ukipiga picha harusi, unaletewa soda na sahani ya pilau. Ukipiga picha ukuta, basi wewe ni dalali, mtu wa bomoabomoa, au jasusi. Nilimwambia napenda tu majengo ya zamani. Akanitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa aliyekata tamaa ya dawa, akasema, "Pole sana. Sasa futa."

Nikafuta, naye kasimama begani kwangu kuhakikisha. Ila katika kufuta ikabidi tupite kwenye picha nyingine, na taratibu sauti yake ikaanza kubadilika. "Hii nzuri." "Hapa ulitetemeka." Tulipofika ya sita, kirungu kilishawekwa chini. "Hii, kaka, ungesogea kushoto hatua mbili, ule waya ungejificha nyuma ya nguzo." Sijawahi kupewa somo la upigaji picha lililo bora kuliko hilo, na aliyenipa ndiye aliyenifutisha.

Alisema kweli kuhusu waya. Ukianza kupiga picha Dar unagundua kwamba jiji hili ni kamba ya kuanikia, na majengo ndiyo nguo. Na pale waya unapoisha, tangazo linaanza. Ninayo picha ya Boma la Kale, nyumba ya mawe ya matumbawe aliyoijenga Sultani Majid mwaka 1866 na 1867, yenye mlango wa nakshi wa Kizanzibari. Nilisubiri jua dakika arobaini ili nakshi zitokeze. Kinachosomeka vizuri zaidi katika picha ile ni namba ya simu ya mganga anayerudisha wapenzi waliopotea, iliyobandikwa kwenye nguzo ya mbele.

Kisha kuna suala la kuinama. Ukisimama karibu na jengo refu ukainua simu, kwenye picha jengo linalala kinyumenyume kama mlevi anayetafuta ukuta. Dawa yake naijua: shika simu wima, halafu rudi nyuma mpaka jengo lote liingie. Walioandika dawa hiyo hawakuwahi kurudi nyuma Dar es Salaam. Nilikuwa Mnara wa Saa, ule uliosimamishwa mwaka 1961 mji wetu ulipopandishwa kuwa jiji. Nikarudi hatua moja, ikawa bado. Ya pili, bado kidogo. Ya tatu nikakaa. Nilichokikalia ni trei la mayai ya kuchemsha.

Muuzaji hakunitukana, na hilo liliniumiza zaidi. Alihesabu tu. "Kaka, kumi na moja yamepasuka, mzee." Mwanzo wa sentensi nilikuwa kaka, mwisho wake nikawa mzee. Nikalipa, na yale yaliyosalimika kiasi nikafungiwa na kachumbari kwenye mfuko. Nyumbani tulikula mayai siku tatu. Siku ya tatu Mama Neema alisukuma sahani pembeni, akachukua simu yangu, akaanza kupekua.

"Baba Neema, una picha elfu moja na mia mbili za nyumba za watu. Za mwanao ziko ngapi?"

Tukahesabu pamoja. Zilikuwa nne, na katika mbili kati ya hizo Neema alikuwa anapita tu mbele ya jengo.

Sikuacha. Mtu mwenye ugonjwa huu haachi, anabadilisha mtaa. Nikahamia kwenye makutano ya Samora na Azikiwe, kwa yule askari wa shaba aliyesimama pale tangu mwaka 1927, kumbukumbu ya Waafrika waliotumika katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Bunduki yake ina singe, na singe imeelekea bandarini. Nampenda sana. Ndiye askari pekee mjini ambaye hajawahi kuniambia nifute.

Kutoka kwake si mbali kufika Kariakoo, ambako hata jina ni la vita ile ile: ndiko walikokuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, watu wakalitamka kwa Kiswahili mpaka likakaa. Nilikwenda kupiga picha paa la soko, miaka michache kabla ya moto wa Julai 2021. Msanifu wake, Beda Amuli, alilichora kama miavuli ya zege iliyogeuzwa, inayokinga mvua na kuishusha chini badala ya kuimwaga kwenye vichwa vya watu. Ukiwa chini hulioni vizuri. Ukitaka kuliona ni lazima upande ghorofa la jirani, na ukitaka kupanda ghorofa la jirani ni lazima ununue kitu. Nilishuka na pazia mbili za rangi ambayo hatuna chumba kinacholingana nayo.

Jua lilikuwa linazama. Mbele yangu mnara wa msikiti ulikuwa umezungushiwa taa za kijani, mbingu nyuma yake imeiva kama embe. Nikasimama katikati ya njia, nikainua simu, nikakodoa.

Nilichosahau ni tarehe. Ilikuwa Ramadhani ishirini na tisa.

Wa kwanza kusimama alikuwa muuza kashata. Akafuatia mama mwenye vikapu viwili. Nilipopepesa macho walikuwa ishirini, wote shingo juu, wanatazama ninakotazama. "Uko wapi?" "Upande wa mnara, kulia." "Mwembamba?" "Mwembamba sana." Mtoto mmoja akapiga kelele, "Nauona!" Kwa hakika alikuwa ameona globu. Mtu aliyekuwa akinunulia wanawe viatu vya sikukuu akaanza kulipa kwa kasi. Kisha mzee mmoja wa kanzu nyeupe akapenya katikati ya watu, akanishika mkono kwa heshima kubwa.

"Mwanangu, umeuona kwa macho yako?"

"Nimeona nini, mzee?"

"Mwezi. Uko tayari kutoa ushahidi?"

Watu wakanyamaza. Kariakoo kunyamaza! Sijawahi kusikia kitu kama kile. Ikabidi niseme ukweli wote kwa mkupuo: kwamba nilikuwa natazama taa, na kwamba mimi ni Mlutheri.

Kesho yake watu wakafunga siku ya thelathini. Sina uhusiano wowote na jambo hilo, lakini nilikaa wiki mbili bila kukatiza ule mtaa.

Desemba ndiyo mwezi wangu. Jiji linajipamba, na mtu anayepiga picha mapambo angalau anaonekana ana sababu. Ingawa mapambo yetu nayo yana maajabu yake. Nje jua linakausha mate mdomoni. Ndani ya duka kuna kiyoyozi na theluji. Theluji yenyewe ni pamba, ile ile ya kufungia kidonda, imetandazwa juu ya mti wa plastiki. Pembeni amesimama Baba Krismasi, koti zito jekundu, ndevu mpaka kifuani, amesogelea feni kiasi kwamba ndevu zinapepea kuelekea sikioni. Nilipoinua simu, umeme ukakatika. Feni ikazunguka mara tatu za kuaga, ikasimama. Baba Krismasi akavumilia kama dakika moja, kisha akavua ndevu zote akajipepea nazo. Watoto watatu wakaanza kulia. Picha hiyo sikuipiga. Kuna mambo hata mimi nayaona hayafai.

Nikatoka nje haraka nipige mkrismasi uliokuwa ng'ambo ya barabara. Mti huu ulitokea Madagaska, wataalamu wanauita Delonix regia, lakini kwetu ukifika Desemba ukawaka maua mekundu mpaka majani yakakosa nafasi, utauitaje kama si mkrismasi? Hauhitaji pamba wala umeme. Nikapiga picha kumi na tano. Nilikuwa nimetoka kwenye baridi ya kiyoyozi nikaingia kwenye joto la mvuke wa bahari, kioo cha kamera kikatoka jasho kuliko mimi. Picha zote kumi na tano zina ukungu mzito. Shemeji yangu aliziona akaniuliza nimesafiri lini kwenda London.

Ndipo mama mkwe akaja. Desemba, wakati Wachaga wote wanapanda mabasi kwenda Kilimanjaro, yeye alishuka kutoka Machame kuja kumwona mjukuu. Baada ya shikamoo na habari za migomba, akasema: "Baba Neema, nasikia wewe ni fundi wa picha. Nataka moja tu. Mimi na Azania Front. Nikawaonyeshe kina mama wa kwaya."

Nilishindwa kulala. Kanisa la Azania Front, ambalo Wajerumani walianza kulijenga mwaka 1898, nililipenda kabla sijaoa: kuta nyeupe, vigae vyekundu, mnara wenye vipaa vidogo juu ya madirisha, kila dirisha na mwavuli wake. Tukafika saa kumi na moja jioni, mwanga umelainika kama samli. Mama amevaa kitenge kipya na kilemba kilichofungwa kwa nusu saa. Akasimama palepale alipopenda yeye, mbele ya mnara.

Sasa, mkwe ni mkwe. Huwezi kumwambia mama mkwe "sogea, unanizibia." Nikasogea mimi. Nikarudi nyuma, safari hii nikipapasa kwanza kama kuna mayai. Nikashika simu wima. Nyaya zikajificha. Vigae vikawaka. Nikabonyeza, simu ikaandika: hifadhi imejaa. Nilitakiwa nifute jengo, na mimi sina jengo la kufuta. Mwishowe nikafuta picha moja ya mkrismasi wenye ukungu, ikapatikana nafasi ya picha moja tu. Nikalenga mnara, nikabonyeza.

Jioni ile niliituma kwenye kundi la familia, kifua mbele. Mnara umenyooka kama rula. Vigae unaweza kuvihesabu. Jibu la kwanza likatoka kwa mjomba wa Moshi: "Kanisa limetoka vizuri. Huyo aliyekatiza hapo chini ni nani?"

Nikaitazama upya. Mama mkwe alikuwapo, kuanzia nyusi kwenda juu.

Nilimkumbuka yule mlinzi wa Samora. Laiti angekuwa begani kwangu, angeniambia niishushe simu kidogo tu.

Mama mwenyewe hakulalamika. Alirudi Machame, na baada ya wiki akanitumia ujumbe wa sauti, nyuma yake kina mama wa kwaya wanasikika wakicheka. "Baba Neema, asante sana mwanangu. Nimewaonyesha wenzangu, wamelipenda kanisa. Nimewaambia kile kilemba pale chini ni cha kwangu."