Kutembea Bila Mzigo

Kijana wetu wa boda karudi Jumatatu kutoka Nairobi na picha kwenye simu. Ikapita mkono kwa mkono pale kwenye benchi la kahawa, tukiutazama msikiti wa Sayyid Baghali ng'ambo ya barabara. Pichani wamesimama watu wake kwa waume, viatu vya raba miguuni, chupa za maji mkononi, nyuma yao mto mwembamba na miti mirefu.

"Walikuwa wanakwenda wapi hawa?" akauliza mzee wetu.

"Hawaendi popote, baba. Wanaufuata mto, wakichoka wanarudi majumbani."

Mzee akasonya, ule msonyo mrefu unaoanzia kooni. "Kutembea bila mzigo, bila ng'ombe, bila safari? Aka!"

Benchi zima likacheka. Mimi nikasonya pia, lakini sikuwasonya wale wa pichani. Nilitusonya sisi wenyewe. Hebu tuangalie mji wetu huu wa Mackinnon Road. Jina lenyewe ni la barabara. Sir William Mackinnon, tajiri wa Uskochi aliyekuwa na ile kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, alianzisha mwaka 1890 njia ya magari ya ng'ombe kutoka pwani kwenda bara, na jina lake likabaki kwetu. Kabla ya hapo wapagazi walilikata jangwa la Taru kwa miguu, pembe za ndovu begani, wakiombea wakute maji kwenye ngurunga, yale mashimo ya mawe. Kisha wakaja vibarua wa reli kutoka Bara Hindi, na huyo Sayyid tunayemzuru hapa tunaambiwa alikuwa mmoja wao, karai la mchanga likielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Miaka yote hiyo watu wametembea hapa, na kila aliyetembea alitumwa, alilazimishwa au alikuwa na kiu. Ndiyo maana mzee anaona ajabu mtu kutembea kwa ajili ya mwili wake na roho yake tu.

Lakini ajabu hiyo inatuumiza. Wazee wawili katika benchi hili wana sukari, na wote wameambiwa kliniki watembee nusu saa kila siku. Watembee wapi? Pembeni ya lami trela zinapita zimefuatana, kontena juu, upepo wake unakuyumbisha na kofia inakwenda. Upande wa pili reli. Mmoja wao alijaribu siku tatu, ya nne akakaa kitako. "Bora sukari iniue polepole," kasema, na hakuwa akifanya mzaha.

Mimi nimewaona wale watembeaji kwa macho yangu. Shemeji yangu yuko Nairobi, alinipeleka asubuhi moja kwenye ile bustani ya miti wanayoiita Arboretum, karibu na Ikulu. Kutoka katikati ya mji unaweza kwenda kwa miguu. Unaingia langoni, na hatua mia mbele kelele za magari zimekufa. Kima wanaruka juu, wanafunzi wamelala kwenye majani na vitabu usoni, watu wa maombi wamesimama kila mmoja na mti wake, anausemesha kwa sauti. Chini kabisa unapita mto Kirichwa Kubwa. Nisiufiche ukweli, maji yale si safi, na harufu ya mji ilikuwemo. Hata hivyo kando yake nilimwona bibi mmoja, umri wa mama yangu, anatembea na mkongojo na mjukuu. Wanasimama, wanasoma kibao cha jina la mti, wanaendelea. Hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi. Picha ile haijanitoka mpaka leo.

Na mnajua ile bustani ilianza vipi? Mwaka 1907, wakoloni walikuwa wanatafuta miti ya kigeni inayokua upesi, maana gari moshi lilikuwa linakula kuni na misitu ilikuwa inakwisha. Wakaipanda pale kuijaribu. Gari moshi hilo hilo lililopita hapa likipiga honi. Kuni hazitakiwi tena, miti imebaki, na watu wa Nairobi wamepata kivuli.

Msitu wa Karura nao una habari yake, na hiyo ndiyo niliyowasimulia benchini mpaka kahawa ikapoa. Ni zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, umewekwa katika hifadhi tangu 1932, mto Karura unaukata, kuna maporomoko ya maji na mapango. Leo watu wanakwenda na watoto wao na baiskeli. Lakini miaka ya tisini ulikuwa umeanza kugawiwa vipande vipande, wakubwa wajengewe majumba. Wangari Maathai akasema hapana. Tarehe 8 Januari 1999 alikwenda na wenzake kupanda mti, wakavamiwa, akapasuliwa kichwa. Akaenda kituo cha polisi damu inamtoka, na alipoambiwa atie sahihi kwenye taarifa, akaitia kwa damu yake. Agosti mwaka ule Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye mama yule akapewa tuzo ya Nobeli. Kwa hiyo yule kijana wa boda aliposema "wanatembea tu", nilimwambia: mwanangu, ile njia ililipiwa.

Hapo mzee akaniinulia mkono ninyamaze. "Mapango ya Karura," akasema, "si ndiyo walikojificha Mau Mau?" Ndiyo, mzee. "Basi wenzao waliletwa hapa. Baba yangu aliwaona wakishushwa kwenye mabehewa." Na ni kweli. Waingereza walijenga hapa kambi kubwa ya jeshi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakaiacha, na mwaka 1954, baada ya ile kamatakamata kubwa ya Nairobi, wakaijaza wafungwa. Manyani na Mackinnon Road, majina hayo mawili wazee wa Kikuyu wakiyasikia mpaka leo wananyamaza. Watu waliotolewa kwenye mito yao wakaja kufungiwa hapa penye vumbi. Mzee alikitazama kikombe chake kwa muda, na hakuna aliyetia neno.

Mtu atasema sisi hatuna mto, tuyaache ya Nairobi. Mto tunao, tena mkubwa, umo ndani ya bomba. Maji ya chemchemi za Mzima yanatoka kwenye mawe ya volkano chini ya milima ya Chyulu, yanabubujika ndani ya hifadhi ya Tsavo Magharibi meupe kama kioo, viboko na mamba wamo. Pale ni mojawapo ya mahali katika Tsavo ambapo mgeni anaruhusiwa kushuka garini na kutembea. Kuna njia chini ya miti, na chumba cha vioo kilichozama majini ambamo unaingia ukawatazama samaki. Tangu miaka ya hamsini sehemu ya maji hayo inasafiri kwenye bomba zaidi ya kilomita 200 mpaka Mombasa, na bomba hilo linaifuata hii barabara yetu. Yaani mto unapita miguuni petu usiku na mchana na hatuusikii. Mama zetu wanapanga mitungi, wanayangoja maji ya kununua.

Huo ni msonyo wa siku nyingine, na si mdogo. Leo naulilia ule mwingine, mto wetu wa mvua, hili korongo lililo nyuma ya nyumba.

Shukeni siku moja baada ya mvua ya vuli, maji yakishapita. Mchanga umejipanga mikunjo mikunjo kama kanga iliyoanikwa, bado baridi unapoukanyaga. Mama anafukua kwa mikono mpaka kiwiko, anangoja, maji yanachungulia kidogo kidogo, anayachota kwa kikombe cha plastiki kilichokatika mkono. Ukingoni upo mkwaju ambao watu watatu hawaukumbatii wakaumaliza. Chini yake ardhi ni nyeusi na kuna ubaridi, saa saba ya mchana, wakati huku juu mabati yanalia kwa joto. Njia imeshapigwa na mbuzi na watoto wa shule. Ukiifuata pole pole, kutoka karibu na shule mpaka kwenye mkunjo wa korongo, dakika kumi na tano. Kwenda na kurudi ni ile nusu saa ya kliniki.

Na huko ndiko tunakotupa taka. Huko ndiko lori la mchanga linakorudi kinyumenyume alfajiri, na kila likijaza, visima vya mama zetu vinazama zaidi. Mikuyu miwili imeshakuwa makaa, ikauzwa kwa gunia pale barabarani. Kaunti mbili, Kwale na Taita Taveta, zimeuvutania mji huu miaka na miaka kwa ajili ya mpaka na ushuru wa mnada wa mifugo. Kwa korongo hili hajaja mtu kuligombania.

"Wale wa Nairobi wana askari na ua," akasema mmoja. "Sisi tuna ndovu." Neno hilo ni zito na silipuuzi. Tsavo iko hapo tu, kiangazi kikikaza ndovu wanalifuata korongo kutafuta maji, na watu wameuawa katika sehemu hizi. Ndiyo maana sisemi tutembee alfajiri wala usiku, na siutaki huo mkondo wote. Nautaka ule wa kati, baina ya shule na mkunjo, jua likiwa juu, watu wakiwa wengi. Kibao kimoja kiandikwe kwa Kiduruma na Kiswahili, taka zikome, lori likome, miche ya mikwaju ipandwe na iwekewe miiba mbuzi wasiile.

"Ule si mto," akaguna mwingine. Ndugu yangu, Novemba 2023 uliuona ulivyoteremka. Kanuni za maji za 2006 zilisema ukingo usiguswe, si chini ya mita 6 na hadi mita 30 kila upande, kupimia pale mafuriko yalipofika juu kabisa. Na alama ya mafuriko yale bado ipo, uchafu mkavu umenasa kwenye vichaka kimo cha kifua.

Mzee akainuka. Nilidhani anakwenda msikitini, adhana ya alasiri ilikuwa karibu. Akachukua fimbo yake, akapita baina ya vibanda, akateremka, na sisi nyuma yake, hata kijana wa boda aliyeacha pikipiki yake na abiria anangoja. Akafika kwenye kichaka chenye alama, akakipa mgongo, akaanza kuhesabu hatua kuelekea nyumba, kwa sauti, kama anayehesabu ng'ombe mnadani. Mosi. Pili. Tatu. Hatua ya nne fimbo ikagonga kitu kigumu kwenye nyasi. Akainama, akapangusa mchanga kwa kiganja. Bikoni ya mpaka, rangi ya saruji yake bado mbichi, namba imeandikwa kwa rangi nyekundu.

Hakusonya. Akamgeukia kijana wa boda, akamwambia, "Toa hiyo simu yako, piga picha na hapa."