Sifa za Soksi ya Tatu

Katika libasi zote alizobuni mwanadamu tangu alipotambua kuwa yu uchi, hakuna iliyohukumiwa bila ya kusikilizwa kama ile soksi ndogo ya sufi, isiyo na kisigino wala mwenziwe, ambayo wafumaji wa Ulaya na Marekani huifuma kwa masihara ili kumsitiri mwanamume mahali ambapo fundi cherehani, kwa haya au kwa uchache wa maarifa, hupapita upesi. Mimi nakaa Kigali, mji ulioinuka zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai huwatazama motari wa pikipiki wakingojea abiria vichwa vimefungwa kofia ngumu, vifua vimejazwa makoti mawili, vidole vimetiwa glavu. Nikajiuliza ni kwa dhambi gani kiungo kimoja tu, tena kilichokaa mbele kabisa kuulaki upepo, kimeachiwa ulinzi wa zipu peke yake. Soksi hiyo imekosa wakili. Basi nimejitolea.

Wanaoidharau husema kwanza kwamba haina nasaba. Nasaba yake ni bora kuliko ya wengi wao. Miongoni mwa kazi za kale kabisa za ufumaji wa sindano zilizosalia duniani zimo soksi za pamba, za buluu na nyeupe, zilizofumwa Misri ya Waislamu baina ya karne ya 11 na ya 14. Na ilimu hiyo ilipovuka bahari kuingia Hispania haikuishia kwa watu wa chini, kwani katika monasteri ya Las Huelgas mjini Burgos, mto uliozikwa pamoja na mwanamfalme Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, umefumwa kwa hariri, na ukingoni mwake limeandikwa kwa hati ya Kufi neno “baraka”. Sanaa iliyosindikiza wafalme kaburini kwa baraka haiwi ya kihuni kwa sababu tu imeteremka kidogo chini ya kitovu. Huko Mrkopalj, kijiji cha milimani nchini Kroatia, soksi yenyewe hufumwa kwa sufi na kuuzwa kwa wageni kuwa ukumbusho wa mahali, wala hapana apepesaye macho.

Husema pili kwamba haina faida. Hao wakawaulize matabibu. Mwaka 1977 jarida la New England Journal of Medicine, ambalo halina desturi ya utani, lilichapa barua ya Dakta Melvin Hershkowitz kuhusu mkimbiaji wa miaka 53, naye ni tabibu pia, aliyerejea kutoka mbio za jioni moja ya Desemba akiwa amepigwa na baridi kali pale pale tunapopazungumza, kwa kosa la suruali nyepesi. Tena mnamo Februari 2022, katika Olimpiki ya Beijing, mteleza thelujini wa Ufini, Remi Lindholm, alifika mwisho wa mbio ndefu akihitaji, si nishani, bali pakiti ya joto, na haikuwa mara yake ya kwanza. Dunia ilicheka, kana kwamba dawa ya sufi haijavumbuliwa.

Atasema mtu kwamba Kigali hakuna theluji. Ni kweli, usiku wetu hushuka hadi nyuzi 15 hivi, wala si zaidi ya hapo sana. Lakini nyuzi 15 za mtu aliyelala chini ya blanketi si nyuzi 15 za mtu ateremkaye kwa pikipiki kutoka Nyamirambo kwenda Nyabugogo saa kumi za alfajiri. Wala nchi hii haikukipuuza kiungo chenyewe: pete iitwayo PrePex, itahirio bila ya kisu wala mshono, ilijaribiwa katika hospitali ya Kanombe hapa hapa mjini, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiidhinisha. Pete, basi, kimekwisha kuvishwa. Bado kanzu.

Na ni aibu kwamba bado, kwa maana ingia sebule yoyote yenye heshima katika mji huu utakuta kila kitu kimevishwa: mikono ya makochi ina vitambaa vya kufuma, redio ina chake, televisheni ina chake chenye marembo ya pembeni, na chupa ya chai, ambayo Mungu hakuijalia hisia ya baridi hata chembe, ina koti.

Yamkini soksi hii ingalitufikia zamani ndani ya marobota ya caguwa, kama tunavyoiita mitumba. Lakini mwaka 2016 ushuru wa nguo hizo ulipandishwa kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2.50, Marekani ikakereka, na Julai 2018 ikazinyima nguo za Rwanda fursa ya kuingia kwake bila ya ushuru. Sina ugomvi na forodha, ila natambua kuwa mizani yake hupima kilo, na libasi ninayoisifu haingeliipatia hazina hata thamani ya karatasi ya kuandikia risiti. Tuifume wenyewe. Huko Musanze wako wanawake wanaosokota kwa mkono manyoya ya sungura wa angora, laini kiasi ambacho mtu huona haya kuyatumia kwa shingo tu.

Kwa imani hiyo nilimwendea mama mmoja wa Kimironko afumaye sweta za shule, nikamweleza kazi kwa mafumbo mengi hata akadhani nataka kofia ya mjukuu. “Mtoto ana miezi mingapi, mzee?” akauliza, amekwisha kushika futi yake. Nikamjibu kwamba mwenyewe ni mtu mzima. Akanitazama, akatazama kipimo nilichomwonyesha kwa vidole, akaiinamia mashine yake mabega yakimtikisika, na alipoipata sauti akasema, “Basi mzee wangu, nitakupunguzia bei, maana uzi hautakwenda mwingi.”

Hiyo ndiyo fadhila yake kuu, nami ndiyo iliyonifanya niiandikie. Mavazi ya mwanamume, tangu joho hadi tai, yametungwa yamwongezee. Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza alifuliwa deraya mnamo 1540, nayo hata leo yaonyeshwa katika Mnara wa London, ikiwa na kibweta cha chuma kilichotokeza mbele kwa ushupavu ambao hauwezi kuwa wa kweli saa zote za mchana. Chuma hudai. Sufi haidai kitu. Hujaa kikijaa na hulala kikilala, na hutoa ushahidi wake bila ya kuapishwa. Mtu aliyefumiwa soksi hii na mkewe, akaivaa mbele yake, taa inawaka, ni vigumu kumdhania akitoka hapo kwenda kutangaza vita, au hata kumkaripia karani.

Ila moja nitaikiri, maana wakili afichaye ila za mteja wake hushindwa kesi. Sufi haipatani na maji ya moto. Tena lazima ianikwe, na nyua zetu za Kigali zatazamana mlima kwa mlima. Ikisadifu Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wote wako nje kwa ajili ya umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, na mvua ikija jirani mwema atakuanulia nguo zako na kukuletea mlangoni, moja moja, akiuliza hii ni ya nani. Mwenye kuifua kwa maji yachemkayo atakabiliwa na swali gumu zaidi, kwani hataweza kumweleza jirani huyo, kwa ushahidi wowote utakaokubalika, ni kipi hasa kilichosinyaa.